Kushuka na Msimbazi: kutoka Pugu hadi Salenda, kisha Mabwepande

Jumatatu, Pugu

Mto Msimbazi una urefu wa kilomita zipatazo 35, na watu wengi wa Dar wanaujua mwisho wake tu. Wanaujua Jangwani ukifurika, na Salenda, unapoingia baharini, ukinuka. Mimi nimeufanyia kazi miaka mingi nikiwa bwana afya, nikikagua vyoo na mitaro, lakini kazi ile ilikuwa ya kupangiwa kata, na mpaka wa kata ukifika unageuza. Sasa nimestaafu, sina mpaka. Mpwa wangu anayesoma jiografia chuoni aliponiomba tuufuate mto tangu juu mpaka baharini, nilitafuta gambuti zangu nikamwambia tuondoke kabla vuli haijakolea.

Tulishuka Pugu Kajiungeni asubuhi, tukachukua bodaboda kuelekea Kisarawe, tukaingia msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi. Hii ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye ndege na miti isiyopatikana sehemu nyingine nyingi duniani, na iko karibu na Kariakoo kiasi kwamba mtu anaweza kuja na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ndani mna ubaridi. Majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka, mguu unazama.

Mpwa alifanya jambo moja nililipenda. Alichukua chupa ya maji, akamwaga nusu chini ya mti, nusu iliyobaki akaimwaga kwenye njia iliyokanyagwa na watu. Chini ya mti maji yalipotea palepale. Njiani yalikusanyika, yakatafuta mteremko, yakaondoka na vumbi jekundu mbele yake. "Mjomba," akaniambia, "hilo ndilo darasa zima la mafuriko, mengine ni hesabu."

Si mbali na hapo tulikuta doa jeusi la tanuri la mkaa. La zamani, nyasi zimeanza kuota. Mlinzi mmoja tuliyekutana naye njiani, mtu wa rika langu, alisema mkaa hushuka usiku kwa pikipiki, na kwamba wachomaji si wageni, ni majirani. Msitu ukikatwa, mvua haina pa kukaa. Inakimbia na mchanga, mchanga unajaza kitanda cha mto huko chini, na mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji ila sebuleni kwa watu.

Na mkaa unakwenda kwa nani? Kwa watu haohao wa huko chini. Mtungi wa gesi ukiisha unataka fedha yote kwa mkupuo mmoja. Mkaa unauzwa kwa kopo, unatosha ugali wa leo. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima unaona gesi ingekuwa nafuu, lakini mwenye kipato cha siku halipwi kwa mwezi.

Jumanne, Kinyamwezi na Ulongoni

Dampo la Pugu Kinyamwezi linaonekana kwa moshi wake kabla hujafika. Tulisimama upande ambako upepo unatoka, na bado koo liliwasha.

Historia ya dampo hili inafaa kusimuliwa, maana haikuanzia hapa. Zamani taka za jiji zilimwagwa Tabata. Wakazi wa Tabata walichoka na moshi na nzi, wakalishtaki Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Ni kesi kubwa, mahakama ilikubali kwamba kumlazimisha mtu avute hewa ile ni kuhatarisha uhai wake. Dampo likahamia Vingunguti. Watu wa Vingunguti nao hawakulitaka, likaenda mtaa wa Mtoni kule Temeke, kisha likaletwa huku Kinyamwezi. Tazama ramani utaona: kila lilipohamishwa lilimfuata mtu mwenye sauti ndogo zaidi, mpaka likafika pembezoni mwa mji. Sasa mji umelifuata, nyumba za matofali zimeota mpaka karibu na lango.

Dada mmoja anayeokota makopo alikuwa amejifunga kanga usoni na amevaa buti moja la kijani na moja jeusi. Nikamwuliza kuhusu kifua. "Baba, kifua kinauma kila mtu hapa," akasema, huku akikanyaga chupa ya plastiki kuibana iingie kwenye kiroba. "Lakini mtoto wangu yuko darasa la sita kwa makopo haya." Mpwa wangu alitaka kumweleza madhara ya moshi wa plastiki. Nikamgusa bega. Yeye anaujua kwa mapafu yake.

Nitasema kwa upande mwingine kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 imeleta tofauti inayoonekana kwa macho. Mitaro ya zamani ilikuwa inazibwa na rambo. Siku hizi inazibwa na chupa, na chupa angalau ina mnunuzi.

Mchana tukashuka Ulongoni. Hapa mto ni kijito cha kuruka wakati wa kiangazi, na mvua ikija ni mnyama. Madaraja ya Ulongoni yamewahi kusombwa, na watu wa ng'ambo wakakaa kama wako kisiwani. Mama mmoja muuza mihogo alisimulia mjamzito aliyevushwa mgongoni mwa kijana maji yakiwa kiunoni. Zahanati ilikuwapo, dawa zilikuwapo, na mkunga alikuwapo pia. Kilichokosekana ni daraja. Ukitaka kujua kwa nini watu wa afya tunagombana na wahandisi, ndiyo maana.

Kwenye kitanda cha mto vijana wanachimba mchanga, wanapakia malori kwa sepetu. Serikali za mitaa zinawafukuza, wanarudi. Kusema kweli mimi sijui cha kuwaambia. Ule mchanga ulioteremka kutoka Pugu unatakiwa utolewe; lakini wao wanachimba ukingoni, na ukingo ukianguka nyumba inafuata.

Jumatano, Vingunguti

Siku ya harufu. Kuna machinjio, ambayo siku hizi ni ya kisasa. Kuna mabwawa ya majitaka ambako magari ya kunyonya vyoo hupanga foleni kumwaga mzigo. Kuna viwanda vya Barabara ya Nyerere upande wa juu. Halafu katikati ya yote hayo, kijani kinachong'aa: bustani za mchicha, matembele na chainizi, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula.

Tulikaa kwa mkulima mmoja muda mrefu kuliko tulivyopanga, kwa sababu alikuwa mcheshi na kwa sababu bustani yake ilikuwa na mambo. Kwanza uzio wake: chandarua. Chandarua cha buluu, chenye dawa, kimefungwa kwenye vijiti kuzuia kuku. Nimewahi kuona wageni wa semina wakipiga picha za namna hii ili wakaoneshe watu kwamba wananchi hawana elimu. Nikamwuliza. Akanipeleka chumbani kwake, mita chache tu. Kitanda kimoja, juu yake chandarua kipya kimeninginizwa vizuri. Kile cha bustani ni kilichochanika mwaka juzi. Tungetaka akitupe wapi? Mtoni?

Pili, maji. Anachota kwenye kijito kwa ndoo mbili zenye matundu, anapita kati ya matuta akitembea haraka, maji yanatoka kama mvua. Kijito ni cheusi, kina povu pembeni. Mchicha unakuwa tayari kwa wiki tatu au nne, ndiyo maana anaupenda. Hakuna zao jingine linalorudisha fedha upesi hivyo. Alfajiri wanawake wanakuja na beseni, wananunua kwa tuta, wanaosha palepale kwenye maji yaleyale ili ung'ae, wanapeleka Buguruni na Ilala. Jioni uko kwenye sahani ya mtu yeyote wa mji huu, hata wa Masaki.

Sasa hapa nataka msomaji wangu anisikilize. Mchicha ukiupika ukaiva, vijidudu vya kuhara vinakufa. Lakini risasi na madini mengine mazito hayafi kwa moto, maana hayana uhai. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga za majani zinazolimwa kando ya Msimbazi na Sinza, wakaonesha madini hayo yanaingia kwenye majani. Risasi ikiingia kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo, na haileti homa ya kumpeleka mtu zahanati. Inapunguza tu uwezo wa kujifunza, polepole, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito.

Mkulima wangu alijibu bila kukasirika: "Mzee, mimi sina kiwanda. Mimi natumia maji ninayoletewa." Akatupa fungu la matembele tuondoke nalo. Mpwa akanitazama. Nikalipokea na kushukuru, maana mtu hakatai zawadi mbele ya mwenyewe.

Alhamisi, Kigogo

Leo tumelala kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyepanga Kigogo karibu na bonde. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja na bafu. Mwenye nyumba anakaa Mbezi, anakuja kuchukua kodi ya miezi sita na kuondoka. Ukutani, ndani ya chumba, kuna mistari ya maji kama pete za mti, na shemeji anaijua kila mmoja: huu wa magotini, huu wa kiunoni, ule wa juu ni wa Desemba 2011, mpangaji wa kabla yake ndiye aliyeukuta. Kitanda kimepandishwa kwenye matofali, televisheni iko juu ya kabati, vyeti vya watoto viko kwenye mfuko wa nailoni umening'inia darini. Mlangoni amejenga kizingiti cha tofali mbili, mgeni lazima aruke.

Jioni tulipiga hesabu ya maji naye. Bomba la nyumba halitoi kila siku, kwa hiyo hununua kwa dumu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti imefika 5,000, na mwenye bomba lake anayelipa kwa mita hafiki hata nusu ya hapo. Ukame wa mwaka 2022, mto Ruvu unaolisha jiji ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa jiji zima, wauza maji kwa mkokoteni walipandisha bei walivyotaka. Basi maskini huku hununua kila kitu kwa rejareja: mkaa kwa kopo, maji kwa dumu, dawa kwa vidonge viwili badala ya dozi. Na rejareja siku zote ni ghali. Ndiyo ninayoiita kodi ya bonde, na haikusanywi na serikali.

Mnamo saa nane usiku mvua ikaanza. Mabati yalipiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Nilidhani shemeji amelala. Kumbe yuko mlangoni tangu tone la kwanza, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tochi ya simu inaangalia korido. Aliniambia huwa hivyo kila mvua ya usiku. Halali. Mpangaji wa chumba cha mbele naye halali, wamegawana zamu bila kuandikiana: mmoja anaangalia maji, mwingine anakaa karibu na watoto wa nyumba nzima, maana ikibidi kukimbia, watoto hubebwa kwanza, wa nani ni wa nani inajulikana huko mbele.

Halafu ikaja ile harufu. Nimeijua miaka yote, sikuhitaji tochi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wanatapisha choo. Kwa asiyejua: karo la choo hutobolewa tundu upande wa chini, tundu linazibwa kwa kiroba na matambara, na mvua kubwa ikija, mtu anatoka gizani na chuma, anazibua, mzigo unaondoka na maji ya mtaro kuelekea mtoni. Dakika chache. Asubuhi choo kina nafasi na hakuna aliyeona.

Enzi za kazi tuliwaandikia faini. Sawa, sheria ni sheria, na anayetapisha anampelekea jirani wa chini kipindupindu. Lakini faini haijawahi kunyonya choo hata kimoja. Gari la majitaka haliingii kichochoro cha upana wa mabega mawili. Siku hizi wako vijana wenye pampu za mkono na bajaji ya mizigo, wanaingia huko ndani, wanatoa kwa mapipa. Kazi nzuri sana, ya kuheshimiwa. Bei yao hata hivyo lazima ichangwe na vyumba sita, na mmoja anahama mwezi ujao, mwingine anasema hilo ni jukumu la mwenye nyumba, mwenye nyumba hapokei simu. Mvua ni bure.

Maji yalifika kwenye tofali la kwanza la kizingiti, yakasimama. Saa kumi na moja shemeji akabandika chai.

Ijumaa, Kigogo hadi Jangwani

Matope. Magodoro juu ya mabati, watoto wanacheza mpira pembeni ya maji ambayo sisi watu wazima tunajua yana nini. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa tayari anapita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kutibu maji. Binti mdogo, anaamkia kila mtu shikamoo, na kila mtu anamwuliza kuhusu jambo jingine: chanjo ya mtoto, presha ya bibi, mume mlevi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar mwezi Agosti 2015 ulienea karibu Tanzania Bara yote na kupita wagonjwa 20,000, na mtu wa kwanza kujua mtaani huwa ni huyu binti, kabla ya ofisi yoyote.

Mpwa akawa anauliza mbona Dar malaria imepungua ilhali madimbwi yamejaa. Nikapata nafasi ya kuwa mwalimu. Mbu wa malaria, Anofelesi, anapenda maji yenye jua na yasiyo machafu sana. Mji ukijengwa na mitaro ikichafuka, anakosa pa kutagia. Kuanzia 2004 kulikuwa pia na mpango wa jiji ambamo vijana wa mitaa walipita kila wiki kuhesabu madimbwi na kuweka kiuadudu cha kibaiolojia, kinachoua viluwiluwi na kuacha samaki. Ila mji uliomfukuza mmoja umewakaribisha wengine. Kulekisi anazaliana kwenye vyoo na mitaro michafu, ndiye anayetuimbia usiku na ndiye aliyeeneza matende na mabusha pwani nzima. Aedesi anataka kifuu cha nazi, tairi, kopo, ndoo ya maji uliyoiweka kwa sababu bomba halitoi. Huyo anauma mchana, chandarua hakimhusu, na ndiye aliyetuletea homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Yaani mgawo wa maji unazaa ndoo, na ndoo inazaa dengi.

Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga punje za plastiki nyepesi kwenye vyoo vyenye maji, zikaelea zikafunika juu, viluwiluwi vya mbu vikakosa pa kupumulia. Pamoja na dawa za matende, kero ikashuka sana. Nimeitaja kwa sababu ni rahisi na inanipendeza, basi.

Tulipitia Mkwajuni. Desemba 2015 tingatinga lilipita hapa, likabomoa nyumba. Nyasi na migomba vimekua, na katikati yake, vibanda vimerudi.

Jangwani tulifika jua likiwa kali. Mji huu umegawana mto huu kwa namna ya ajabu: Yanga ni watoto wa Jangwani na Simba ni Wekundu wa Msimbazi, kwa hiyo nusu ya nchi inashangilia bonde na nusu inashangilia mto. Hakuna upande uliowahi kudai choo. (Yanga mniwie radhi, uwanja wenu wa Kaunda umegeuka bwawa mara nyingi kuliko nilivyouona na nyasi.) Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa hapahapa nayo imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwa imeonekana tangu 1954.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Barabara itanyanyuliwa juu ya daraja refu, mto utachimbwa, bonde litageuzwa bustani ya watu kupumzikia, na wanaoishi humo walipwe fidia wahame. Mimi naunga mkono, na nasema hivyo nikiwa na shemeji Kigogo. Swali langu ni hao wapangaji. Fidia ya jengo inakwenda kwa mwenye nyumba aliyeko Mbezi. Wale wa vyumba sita hawana jengo la kulipwa, wana majirani tu.

Jumamosi, Upanga hadi Salenda

Kidogo tu leo, miguu imechoka.

Tulikata kupitia Mnazi Mmoja. Watu hupumzika pale bila kujua kwamba uwazi ule uliachwa makusudi. Daktari Robert Koch alikuja Dar mwaka 1897 kuchunguza malaria, na kuanzia enzi za Wajerumani hadi za Waingereza hoja ya afya ikatumika kugawa mji: Uzunguni ufukweni kwenye upepo, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu. Magonjwa ya Mwafrika yasivuke. Fedha za mifereji na maji zikabaki upande mmoja wa uwanja. Uhuru ulifuta ubaguzi ule, ila mabomba yaliyozikwa hayafutwi kwa sheria, na mabonde ambayo mkoloni hakuyapangia kitu ndiyo yaliyobaki wazi kwa mgeni wa mjini asiye na fedha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar. Wote wanakaa mahali fulani.

Salenda, mto unaingia baharini. Mikoko bado ipo, mizizi imeshika chupa na kandambili, na katikati yake kaa wanatembea kama kawaida. Mikoko hii inapunguza nguvu ya mawimbi na inakamata tope lisifike kwenye samaki. Juu ya bahari kuna Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, watu wanafanya mazoezi asubuhi. Upande ule, Oysterbay, kuna miti mikubwa barabarani, na nilihisi joto limeshuka mara tu tulipoingia chini yake. Mabati ya shemeji hayana mti hata mmoja. Tukala mihogo Coco, na mpwa akasema tumemaliza. Nikamwambia bado, kuna sehemu ya mto iliyohamishwa.

Jumapili, Mabwepande

Baada ya mafuriko ya 2011, mwanzoni mwa 2012 serikali iliwapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, mbali huko nyuma ya Bunju. Daladala mbili na bodaboda. Tulikuwa na mwenyeji, mama mtu mzima aliyetolewa bonde la Msimbazi, anayemfahamu shemeji.

Pako vizuri. Niseme wazi kwa sababu wengi hupadharau bila kufika. Kilima, upepo, udongo unaokunywa maji. Nyumba yake ya vyumba vitatu, tangi la kukinga mvua, mwembe uani umeshaanza kuzaa, choo cha nyumba moja na karo lake. "Baba, hapa mvua ikinyesha nalala mpaka nakoroma," akasema. Miaka ya mwanzo walikaa kwenye mahema. Presha yake, anavyosema, ilianza bondeni na imetulia huku.

Kisha akahesabu upande wa pili. Bondeni alikuwa anakaanga samaki. Feri, soko la samaki, iko karibu, wateja wako mlangoni, na asipokuwa na mtaji jirani anamkopesha ndoo ya samaki kwa neno tu. Kikoba chao kilikuwa na akina mama wa nyumba nne. Walipohamishwa, viwanja vikapangwa kwa orodha, wala si kwa ujirani, kila mtu akajikuta kati ya wageni. Wengine waliuza viwanja wakarudi walikotoka. Mtoto wake wa kiume hakuuza, lakini Jumatatu mpaka Jumamosi amepanga chumba Kigogo pamoja na wenzake watatu, kwa sababu mzigo wa Kariakoo unapakuliwa alfajiri na nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya kibarua.

"Kwa hiyo bado analala bondeni," mpwa akasema.

"Analala bondeni. Mimi ndiye niliyehamishwa."

Akatuuliza: hao wanaolipwa sasa na mradi, watapelekwa wapi, na basi la saa kumi alfajiri litakuwapo? Hatukuwa na jibu. Mpwa alifungua dodoso lake la chuo. Lilikuwa na kurasa za maji, choo, mbu, chandarua, kuhara kwa watoto, idadi ya vyumba na watu. Nauli haikuwamo, wala saa ya kutoka nyumbani, wala swali la nani anakushikia mtoto maji yakija. Ameyaongeza kwa kalamu pembeni, na tulipofika kituoni tukakuta foleni ya watu wanaorudi mjini kwa kazi ya Jumatatu, akaanza na wa kwanza mbele yake.